Mabingwa wa Jeopardy! wanaporudi ulingoni, kanuni ndizo zinazopimwa

MEI 25, 2005, mtu aliyekuwa ameshinda mara 74 mfululizo katika kipindi cha chemsha bongo cha Jeopardy! nchini Marekani alishindwa na mtu ambaye kanuni za kipindi hicho hicho hazikuwahi kumruhusu kushinda zaidi ya mara tano mfululizo.

Aliyeshindwa ni Ken Jennings, mtaalamu wa programu za kompyuta kutoka jimbo la Utah, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amegeuka kuwa gumzo la taifa zima. Aliyeshinda ni Brad Rutter, kijana wa Lancaster, Pennsylvania, ambaye nje ya mashabiki wa kipindi hicho wachache walilijua jina lake. Baada ya fainali iliyochezwa kwa siku tatu, Rutter alikuwa na 62,000, Jennings 34,599, na Jerome Vered, bingwa wa mwaka 1992, alikuwa na 20,600.

Rutter aliondoka na dola milioni 2 za Marekani, Jennings akapata dola 500,000 na Vered dola 250,000. Kwa ushindi huo, jumla ya fedha alizowahi kuvuna Rutter katika kipindi hicho ilizidi dola milioni 3.2, na kumpita Jennings aliyekuwa na dola milioni 3 na ushei.

Swali lililobaki ni hili: kati ya aliyeshinda siku 74 na aliyeshinda fainali, bingwa wa kweli ni yupi? Tangu wakati huo kipindi hicho kimewarudisha mabingwa wake ulingoni mara kadhaa, na mara nyingi jibu limekuwa tofauti. Ukichunguza kwa makini, utaona kwamba kilichobadilika kati ya shindano moja na jingine si vichwa vya washiriki, bali kanuni walizowekewa.

Mchezo ulivyo

Jeopardy! huwakutanisha washiriki watatu mbele ya ubao wenye mada sita, kila mada ikiwa na vidokezo vitano vyenye thamani ya fedha. Mwendeshaji wa kipindi husoma kidokezo kwa umbo la jibu, na mshiriki hutakiwa kujibu kwa umbo la swali. Anayekosea hukatwa fedha zile zile ambazo angezipata kama angepatia.

Ndani ya ubao hufichwa vidokezo maalumu, kimoja katika raundi ya kwanza na viwili katika raundi ya pili. Anayekiangukia kidokezo cha namna hiyo hujibu peke yake na huweza kuweka dau la fedha zake zote. Mwishoni hutolewa kidokezo kimoja kwa wote, ambacho kila mmoja hukiwekea dau kwa siri na kuandika jibu lake. Anayemaliza akiwa mbele hurudi katika kipindi kinachofuata kutetea taji lake.

Lipo jambo jingine ambalo mtazamaji wa nyumbani hulisahau kwa urahisi, nalo ni kitufe. Hakuna anayeruhusiwa kubonyeza kabla mwendeshaji hajamaliza kusoma na taa za pembeni mwa ubao hazijawaka. Anayetangulia, kitufe chake hufungwa kwa takriban robo ya sekunde, muda unaotosha kabisa kwa mpinzani kumpokonya nafasi. Hivyo basi, pale ambapo washiriki wote watatu wanalijua jibu, mwenye kulitoa ni yule aliyebonyeza kwa wakati unaostahili.

Kwa maneno mengine, mshiriki huhitaji maarifa, wepesi wa kidole na ujasiri wa kuweka dau. Kanuni za kila shindano ndizo huamua ni kipi kati ya hivyo vitatu kitakachokuwa na uzito zaidi.

Siku tano, kisha kwaheri

Jeopardy! ya sasa ilianza kurushwa Septemba 10, 1984, ikiendeshwa na Alex Trebek, aliyeishika kazi hiyo hadi alipofariki dunia Novemba 8, 2020 kutokana na saratani ya kongosho. Kwa takriban miaka 19 ya mwanzo, bingwa aliyeshinda siku tano alipongezwa na kuagwa, hata kama hakuna aliyeelekea kumshinda.

Kulikuwa pia na kikomo cha fedha. Mwaka 1990, Frank Spangenberg, askari polisi wa New York, alijikusanyia dola 102,597 kwa siku zake tano. Kanuni za wakati huo zilimruhusu kuchukua dola 75,000 tu, na ziada ikaenda kwenye shughuli za hisani.

Ukilinganisha kiasi hicho na mamilioni yaliyovunwa baadaye, Spangenberg ataonekana mdogo. Ulinganisho huo, hata hivyo, haumtendei haki. Novemba 2001 thamani ya kila kidokezo iliongezwa mara mbili, na Septemba 2003 kikomo cha siku tano kikafutwa. Katika mwaka uliofuata akatokea Jennings, aliyeanza kushinda Juni 2, 2004 na kuendelea hadi Novemba 30 mwaka huo, akiwa na zaidi ya dola milioni 2.5.

Wahenga walisema hapana marefu yasiyo na ncha. Jennings aliangushwa na Nancy Zerg kwa kidokezo cha mwisho kilichohusu kampuni ambayo wengi wa wafanyakazi wake 70,000 wa msimu hufanya kazi miezi minne tu kwa mwaka. Jibu lilikuwa H&R Block, kampuni ya kuwajazia watu fomu za kodi. Jennings aliandika FedEx.

Ngazi yenye njia ya mkato

Baada ya mafanikio hayo, waandaaji walikuwa na deni kwa mabingwa wa zamani. Kama kanuni ya siku tano isingekuwapo, je, ni wangapi kati yao wangefika mbali? Jibu lililotolewa lilikuwa Mashindano Makuu ya Mabingwa, yaliyorushwa kuanzia Februari 9 hadi Mei 25, 2005.

Mabingwa 135 walianzia raundi ya kwanza. Wengine tisa, Rutter na Spangenberg wakiwamo, waliingizwa raundi ya pili moja kwa moja kutokana na rekodi zao. Jennings, mshiriki wa 145, alipewa nafasi ya fainali bila kucheza mchezo hata mmoja wa mchujo. Kwa jumla ilichezwa michezo 76, na mitatu tu kati ya hiyo ndiyo iliyomhusu yeye.

Mpango huo ulikuwa na kasoro ya wazi. Mashindano yaliyokusudiwa kusawazisha mambo kati ya vizazi viwili yalimpa mmoja wa vizazi hivyo njia ya mkato. Hata hivyo, hoja inaweza kugeuzwa: Rutter alifika fainali akiwa amekwisha kunoa kidole na jicho kwa wiki kadhaa, ilhali Jennings aliingia moja kwa moja katika joto la mapambano.

Lakini tofauti kubwa zaidi ilikuwa ya aina ya wapinzani. Katika mfululizo wa kawaida, bingwa ni mwenyeji na wapinzani wake ni wageni. Yeye ameshaizoea sauti ya mwendeshaji, taa na uzito wa kitufe; wao wanavikuta kwa mara ya kwanza siku hiyo hiyo. Kila anaposhinda, pengo hilo huongezeka. Katika mashindano ya mabingwa hakuna mgeni. Wote wameshausimamia ulingo huo, na faida ya uenyeji inayeyuka.

Kwa hiyo siku 74 za Jennings na siku tatu za fainali hazikuwa zikipima jambo moja. Za kwanza zilipima uwezo wa kubaki makini miezi kadhaa bila kuteleza. Za pili zilipima nani ana kasi zaidi pale ambapo kila mmoja anajua.

Rutter alikuwa ameshathibitisha umahiri wake katika mizani hiyo ya pili. Baada ya siku zake tano za mwaka 2000, alitwaa Mashindano ya Mabingwa ya mwaka 2001 na dola 100,000, kisha Mei 2002 akawashinda mabingwa wenzake katika shindano la washiriki 15 lililofanyika ukumbi wa Radio City, New York, na kujinyakulia dola milioni 1.

Mashine na mcheza kamari

Nguvu ya kitufe ilidhihirika zaidi Februari 14 hadi 16, 2011, Jennings na Rutter walipokutanishwa na Watson, kompyuta iliyotengenezwa na IBM. Mashine hiyo ilimaliza na 77,147, Jennings akiwa na 24,000 na Rutter 21,600.

Watson haikuwa na macho wala masikio. Ilipelekewa maandishi ya kidokezo kwa njia ya elektroniki, na ilipokuwa na uhakika wa kutosha ilibonyeza kitufe kwa mtambo usiojua kusitasita. Ni kweli kwamba kuelewa lugha ya binadamu kwa kiwango kile ulikuwa ufanisi mkubwa wa kisayansi. Hata hivyo, matokeo hayo hayakuwa na maana kwamba binadamu wale wawili hawakuyajua majibu. Mara nyingi walishindwa tu kuifikia nafasi ya kuyatoa.

Mwaka 2019 aliibuka James Holzhauer, mcheza kamari ya michezo kutoka Las Vegas, naye akaegemea nguzo ya tatu, yaani dau. Alianza na vidokezo vya thamani kubwa chini ya ubao, akavisaka vile vilivyofichwa, na alipovipata akaweka fedha ambazo wengine wangeogopa kuzitaja. Aprili 17, 2019 alivuna dola 131,127 kwa siku moja. Kwa ushindi wa mara 32 tu alipata zaidi ya dola milioni 2.46, karibu kiasi kile kile ambacho Jennings alikihangaikia mara 74.

Aliyemwangusha, Juni 3, 2019, ni Emma Boettcher, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Chicago ambaye tasnifu yake ya shahada ya uzamili ilihusu ugumu wa vidokezo vya Jeopardy! yenyewe.

Januari 2020, kituo cha ABC kiliwakutanisha Jennings, Rutter na Holzhauer ili kumpata bingwa wa nyakati zote. Kanuni zilikuwa mpya: kila usiku michezo miwili ilijumlishwa, na wa kwanza kushinda usiku mara tatu angetangazwa mshindi. Karibu watu milioni 15 walikuwa wakifuatilia kila usiku.

Usiku wa kwanza Jennings alimpita Holzhauer kwa pointi 200 tu, 63,400 dhidi ya 63,200. Ilikuwa dhahiri kwamba alikuwa amejifunza mbinu ya mpinzani wake, kwa kuwa naye aliweka madau mazito. Rutter, ambaye hadi hapo hakuwa ameshindwa na binadamu yeyote katika kipindi hicho, aliteleza mara kwa mara katika vidokezo vya dau na hakushinda hata usiku mmoja.

Januari 14, Jennings alimaliza kazi kwa 88,600 dhidi ya 34,181 za Holzhauer. Kidokezo cha mwisho kilimtaka mshiriki amtaje mhusika wa tamthilia ya Shakespeare ambaye, bila jina lake kuwa jina la tamthilia yoyote, ana mazungumzo mengi kuliko wenzake. Jennings aliandika Iago, na hakuweka dau lolote kwa kuwa tayari alikuwa mbele. Holzhauer aliweka fedha zake zote za mchezo huo, akaandika Horatio, zikateketea.

Hivyo aliyeshindwa mwaka 2005 akawa mshindi mwaka 2020, na aliyeshinda mwaka 2005 akawa wa mwisho. Kama mwaka 2020 ungechezwa kwa kanuni za mwaka 2005, hakuna awezaye kusema kwa hakika nani angeondoka na taji.

Kivuli cha miaka ya 1950

Baadhi ya watu huweza kudhani kwamba kubadilika kwa kanuni ni mbinu ya kumchagua mshindi. Historia ya televisheni ya Marekani inawapa sababu ya kuwa na wasiwasi.

Katika miaka ya 1950, kipindi cha Twenty-One cha kituo cha NBC kiligeuzwa kuwa maigizo. Mwaka 1956 mshiriki Herb Stempel aliagizwa akosee kwa makusudi ili nafasi ichukuliwe na Charles Van Doren, mhadhiri kijana wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyependeza zaidi mbele ya kamera. Novemba 2, 1959, Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge kwamba alikuwa akipewa majibu. Mwaka 1960 sheria ikafanyiwa marekebisho, na kupanga matokeo ya mashindano ya aina hiyo kukawa kosa la jinai.

Jeopardy! ilizaliwa katika kivuli cha kashfa hiyo. Mwanzilishi wake, Merv Griffin, alitafuta namna ya kuirudisha chemsha bongo katika televisheni, na mkewe, Julann, akapendekeza kwamba washiriki wapewe majibu hadharani, kisha waulize maswali. Kipindi hicho kilianza kurushwa Machi 30, 1964.

Tofauti kati ya Twenty-One na mashindano ya mwaka 2005 ndiyo kiini cha jambo hili. Katika Twenty-One, kanuni zilizotangazwa hazikuwa ndizo zilizotumika. Katika Jeopardy! ya mwaka 2005, upendeleo aliopewa Jennings ulitangazwa wazi kabla ya mchezo wa kwanza, kila mshiriki akaujua na akakubali kucheza. Kibiashara, ushindi wa Jennings ndio ungevutia zaidi magazeti na watangazaji wa matangazo. Pamoja na hayo, nyota huyo alishindwa mchana kweupe. Waandaaji waliweza kuijenga ngazi walivyotaka, lakini hawakuweza kumchagulia mtu nafasi ya juu kabisa.

Jambo kama hilo lilijirudia Novemba 2022. Amy Schneider, aliyekuwa ameshinda mara 40, Matt Amodio, mara 38, na Mattea Roach wa Kanada, mara 23, waliingizwa nusu fainali moja kwa moja. Amodio aliangushwa na Sam Buttrey, aliyepata tiketi yake kupitia shindano la maprofesa, na Roach akaangushwa na Andrew He. Ni Schneider peke yake aliyepita, na ndiye aliyelitwaa taji.

Mlango wa mgeni

Hata hivyo, upo upande wa pili wa shilingi. Ukipata chungu kipya usitupe cha zamani, lakini jiko likijaa vyungu vya zamani, kipya hakina pa kuwekwa.

Mei 2023, chama cha waandishi wa filamu na televisheni nchini Marekani kilianza mgomo uliodumu hadi mwishoni mwa Septemba. Jeopardy! hutegemea waandishi wa vidokezo, nao walikuwa katika mgomo huo. Msimu mpya ulipoanza Septemba mwaka huo, kipindi kilitumia vidokezo vya zamani na vile vilivyoandikwa kabla ya mgomo, na kikawarudisha washiriki waliowahi kushindwa. Baadhi ya mabingwa wa zamani walitangaza kwamba hawangecheza wakati waandishi wakiwa nje.

Mgomo ulikwisha, lakini mashindano yaliendelea, moja likizaa jingine, na mchezo wa kawaida wenye sura mpya haukurejea hadi Aprili 2024. Kwa miezi ipatayo saba, mwalimu, karani au muuguzi aliyeota kusimama ulingoni kwa mara ya kwanza hakuwa na nafasi.

Mashabiki waliolalamika walikuwa na hoja ya msingi. Mvuto wa Jeopardy! tangu mwanzo ni ahadi kwamba mtu asiyejulikana anaweza kuingia asubuhi na kutoka jioni akiwa amemwangusha jabari. Zerg alikuwa mtu wa namna hiyo, na Boettcher pia. Katika mashindano ya wanaorudi, mlango huo hufungwa kwa kanuni. Aidha, bila wageni wapya hakuna mabingwa wapya, na bila mabingwa wapya mashindano ya kesho yatakuwa marudio ya jana.

Kisa cha Victoria Groce kinaonyesha pande zote mbili kwa pamoja. Mwaka 2005, akiwa mgeni, alimwangusha David Madden aliyekuwa ameshinda mara 19. Mchezo uliofuata alishindwa, na kwa kipimo cha mfululizo jina lake likabaki na ushindi mmoja tu. Kwa karibu miaka 19 hakuna takwimu ya kipindi hicho iliyomhesabu miongoni mwa vigogo.

Mwaka 2024 alialikwa katika shindano la wachezaji waalikwa, akalishinda. Wiki chache baadaye akaingia katika Jeopardy! Masters, linalowakutanisha walio bora kuliko wote, akawashinda Yogesh Raut na Holzhauer katika fainali na kutwaa dola 500,000. Bila mchezo wa kawaida wa mwaka 2005 asingepata nafasi ya kumwangusha Madden, na bila mashindano ya mwaka 2024 umma usingejua uwezo aliokuwa nao siku zote hizo.

Jennings mwenyewe sasa yumo katika nafasi ya pekee ya kuuona ukweli huo. Alianza kuendesha kipindi hicho kwa muda Januari 2021, na Desemba 2023 ikatangazwa kwamba angebaki mwendeshaji pekee. Yeye ndiye aliyewasomea Groce, Raut na Holzhauer vidokezo vya fainali ya mwaka 2024, wakati mtu wa ushindi mmoja alipompita mtu wa ushindi 32.